Kuingiza Sauti Msamvu

Mtu akitafuta mahali pagumu pa kurekodi sauti ya mwimbaji, Msamvu, mjini Morogoro, panamfaa. Barabara itokayo Dar es Salaam inagawanyika hapa, moja ikishika njia ya Dodoma na nyingine ya Iringa, na stendi ya mabasi iko papo hapo. Honi, wapiga debe, bodaboda, malori yanayopunguza gia: havilali. Na bado vijana wa Morogoro wanaingiza vokali kwenye vyumba vilivyo jirani na kelele zote hizo, na nyimbo zinatoka safi. Nimekaa nyuma ya kiti cha prodyuza katika vyumba vya namna hiyo, na kila nikikaa heshima yangu kwa kazi hii inaongezeka.

Kazi yenyewe inaanza kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Wengi hubandika trei za mayai ukutani wakidhani zimezuia kelele. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Honi ya basi hupenya bila shida. Kelele huzuiwa na vitu vizito na nyufa zilizozibwa, na mwangwi humezwa na vitu laini vyenye unene. Kwa hiyo fundi anayejua anatafuta magodoro, mablanketi mazito na zulia, na upenyo wa chini ya mlango anauziba kwa kitambaa.

Kisha inakuja hesabu ya maiki. Maiki ya kondensa inayotumika kwenye studio nyingi ndogo husikia vizuri mbele yake, nyuma husikia kidogo. Nilimtazama prodyuza mmoja akiigeuza ili mgongo wake uelekee upande wa barabara, akavaa hedifoni, akasikiliza, akaigeuza tena kidogo tu. Halafu akalisimamisha godoro mgongoni kwa mwimbaji. Mgeni angeliweka nyuma ya maiki. Lakini maiki inamtazama mwimbaji, na kinachomrudia mwimbaji kutoka ukutani nyuma yake ndicho kinachoingia pamoja na sauti. Muungurumo wa malori uliosalia aliukata chini ya hezi 80, kwa sababu sauti ya dada aliyekuwa akiimba haishuki hadi huko. Mpaka hapo hakuna kifaa cha bei kilichoongezwa, ni masikio na subira.

Feni lazima izimwe, na Morogoro wakati wa joto hilo si jambo dogo. Jasho linatiririka, koo linakauka, na umeme wa luku unaweza kwisha katikati ya mstari mzuri kuliko yote. Masika ni mtihani mwingine. Mawingu yakianza kushuka kutoka Uluguru, prodyuza hutoka nje kutazama mlima kabla hajamwita mtu aingie. Mvua ikishaanza kupiga mabati, kazi imesimama. Sauti ya mvua imetanda kuanzia besi hadi juu kabisa, humo humo ilimo sauti ya mtu, na programu ikijaribu kuzitenganisha, mara nyingi humjeruhi mwimbaji.

Sasa mwimbaji mwenyewe. Anasimama kama shubiri moja kutoka kwenye maiki. Akisogea zaidi besi ya sauti yake inavimba, akirudi nyuma chumba kinaanza kusikika. Akifika kwenye noti ya nguvu anatakiwa arudi nyuma kidogo bila kufikiri, na mwili haujui hilo mpaka ufundishwe. Halafu kuna herufi. P na b hutupa upepo unaoipiga maiki kofi, ndiyo maana kuna kile kitambaa cha nailoni kilichowambwa mbele yake. S na sh huchoma masikio. Kwa hizo maiki huinamishwa kidogo ili pumzi ipite pembeni.

Ila shida kubwa niliyoiona kwa waimbaji wetu iko mwisho wa mstari. Maneno ya Kiswahili huishia kwenye irabu, na irabu hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo iliyobeba maana ya kitenzi. Pumzi ikipungua, hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Yule dada alikuwa na mstari unaoishia na neno "asiniache". Aliuimba vizuri, kwa hisia, na prodyuza akasimamisha biti.

"Mdogo wangu, mwisho umeumeza."

"Nimeimba yote, kaka."

"Umeimba, maiki haijapata. Ile e ndiyo inayoomba. Bila yenyewe humwombi mtu kitu."

Akarudia kwa nguvu zaidi, e ikatoka, lakini ikatoka kwa kelele. Prodyuza hakumlaumu. Alimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi, maneno mawili kabla ya pale alipozoea, palipokuwa na nafasi ndogo ambayo hata mimi sikuwa nimeiona. Aliporudia, neno lilifika mwisho wake likiwa zima, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. Sijaona somo la uimbaji lililo bora kuliko lile, na lilitolewa na mtu ambaye hakuna anayemwita mwalimu.

Zamani kazi hiyo ya kufundisha ilifanywa na ukumbi wa dansi. Morogoro ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wanamuziki wa enzi hizo walipokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, sauti na ala, moja kwa moja kwenye tepu. Mmoja akikosea wote wanarudi mwanzo. Lakini waliingia wakiwa wameshaimba wimbo huo mbele ya wachezaji usiku baada ya usiku. Pumzi ilikuwa imeshapata makao yake. Sikiliza rekodi za Mbaraka, kabla na baada ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, usikie jinsi maneno yake yanavyofika yote. Kijana wa leo mara nyingi hana ukumbi. Mara ya kwanza kuisikia sauti yake jinsi ilivyo ni ndani ya hedifoni, na wengi hushtuka. Studio imebebeshwa kazi ya ukumbi, na prodyuza ndiye aliyebebeshwa studio. Hili naona halisemwi vya kutosha.

Hedifoni nazo zina mambo yake. Biti ikiwa juu sana mwimbaji hupiga kelele kushindana nayo. Akivua upande mmoja ajisikie vizuri, mlio unaovuja kwenye hedifoni iliyo wazi unaingia kwenye maiki. Kompyuta ikilemewa, sauti yake inamrudia imechelewa, na hata ucheleweshaji mdogo, ukishaanza kusikika, unatosha kumfanya aanze kujivuta bila kujua kwa nini. Prodyuza mzuri hurekebisha haya kimyakimya kabla mwimbaji hajaanza kujitilia shaka.

Watu husema siku hizi programu inamaliza yote. Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997 kwa kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi aliyetoka kwenye utafutaji wa mafuta kwa mawimbi ya ardhini, kweli hunyoosha noti iliyopinda. Irabu iliyomezwa haiwezi kuirudisha. Pumzi iliyofutwa pia. Wanaoanza hufuta kila pumzi wakidhani wanasafisha, na msikilizaji anajikuta amebanwa kifua pasipo sababu anayoijua. Fundi huzipunguza, akaacha zile zinazotangulia neno zito. Anachagua mstari huu kutoka teki hii, nusu ya ule kutoka teki nyingine, na anakata kwenye pumzi ili kiungo kisisikike.

Kiitikio ndicho hula muda. Sauti ya kwanza ikishapatikana, mwimbaji huirudia mwenyewe juu yake ili iwe nene, na hapo kila herufi inatakiwa iangukie juu ya mwenzake. S mbili zikipishana kidogo zinasikika kama karatasi inayochanwa. Ufumbuzi alioutumia yule prodyuza ni mzuri mno: kwenye sauti ya pili alimwambia dada asizitamke kabisa s na p kwa nguvu, azilegeze, sauti ya kwanza itazitamka kwa niaba ya wote wawili; yeye ashughulike na irabu, zianze pamoja na ziishe pamoja. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana kupata kiitikio kisichofika hata dakika moja, na sauti ya tatu, ile ya juu, ilikuwa bado.