Al-Arabi kabatini: jarida zuri na karatasi tulizozipoteza

Katika nyumba nyingi za watu wetu, iwe Maskati, Dubai au London, mzee akishafariki karatasi zake ndizo huanza kutupwa. Dhahabu hugawanywa, sanduku la Kihindi hugombewa, lakini barua zilizoliwa na nondo, risiti za zamani na magazeti yaliyogeuka manjano huingia mfukoni mwa taka. Watoto ambao Kiarabu chao ni cha sala na Kiswahili chao ni cha jikoni hawajui wabakishe nini. Hata hivyo, kuna kitu ambacho wao pia huona tabu kukitupa, nacho ni safu ya matoleo ya Al-Arabi. Hulifungua moja, wakaangalia picha, wakaita wenzao waje waone, kisha wakalirudisha kabatini. Tunataka kuuliza kwa nini jarida hili limeokoka mikononi mwa watu wasioweza kulisoma, ilhali magazeti tunayoyahitaji zaidi sisi wenye kuandika historia yetu hayakuokoka.

Al-Arabi lilitoka kwa mara ya kwanza Kuwait mwezi wa Desemba 1958, nchi hiyo ikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza, iliyomalizika Juni 1961. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Dk. Ahmad Zaki, Mmisri, mtaalamu wa kemia aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Cairo. Gharama ilibebwa na serikali ya Kuwait, na kwa hiyo mwalimu wa mshahara mdogo aliweza kununua kila mwezi kitu ambacho bei yake ya kweli asingeimudu. Jambo hili lisisahauliwe tunapousifu uzuri wa jarida. Picha za rangi, karatasi nzuri na nauli za waandishi waliopelekwa nchi hadi nchi vililipiwa na hazina ya mafuta, wala havikutokana na mapenzi ya wasanii peke yao.

Sehemu iliyowavuta watu ilikuwa ile ya istitlai, yaani makala ya safari, iliyomtaka Mwarabu aijue nchi yake kuanzia Ghuba hadi Bahari ya Atlantiki. Mwandishi Salim Zabbal na mpiga picha Oscar Mitri walizunguka bandari, mashamba, madrasa na masoko, wakarudi na kurasa ambazo mtu hazisomi kwa haraka. Picha moja kubwa hufungua makala na kukuweka mahali. Zinazofuata hukusogeza karibu: mikono ya fundi, uso wa mtoto, nyavu zilizoanikwa. Kwa kuwa Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto, jicho nalo huenda hivyo hivyo, na aliyezoea kusoma Kurani hujikuta anaifuata picha hata kama makala yenyewe haielewi. Tena zama zile vichwa vya makala katika majarida ya Kiarabu viliandikwa na khattati kwa mkono wake. Herufi ziliweza kurefuka, kupanda na kukaa chini ya picha kana kwamba zilizaliwa nayo. Chapa za kompyuta za leo mara nyingi hazijui kukaa namna hiyo.

Wako wanaosema kuwa huu ni urembo tu, na kwamba lenye maana ni maneno. Hatukubaliani nao. Kahawa ni ileile ukinywa katika finjani safi au katika kopo, lakini mgeni anajua amepokewa vipi. Ukurasa uliopangwa kwa uangalifu, wenye pambizo pana na picha isiyobanwa, humwambia msomaji kwamba ametengewa nafasi. Msomaji aliyetengewa nafasi hakitupi alichopewa. Ndiyo maana tunaona seti za Al-Arabi zilizotunzwa mwaka baada ya mwaka, nyingine zimejalidiwa kwa ngozi. Hata pengo lao ni ushahidi: jarida lilisimama pale Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, likarudi baada ya vita, na ukizipanga namba kwa mfululizo utaliona pengo hilo bila kuambiwa.

Sasa tuangalie karatasi zetu wenyewe. Gazeti la al-Najah lilitoka Unguja mwaka 1911, na Al-Falaq, sauti ya Jumuiya ya Waarabu, lilianza 1929. Ukitaka kujua Waarabu wa Unguja walibishana nini kuhusu karafuu, elimu na siasa, Al-Falaq ndilo la kutafuta. Lakini lilikuwa gazeti la kawaida, lenye safu zilizojaa maandishi kwenye karatasi ya bei ndogo, lililosomwa barazani, likapita mkono hadi mkono, kisha likaishia kufungia vitu. Hatuwalaumu waliolichapa. Gazeti la habari halikutengenezwa liwekwe, na fedha hazikuwapo. Ila matokeo yake ni kwamba nyumbani mwetu tumetunza picha za nchi za wengine na kupoteza maneno ya nchi yetu. Mtafiti wa leo analitafuta Al-Falaq katika maktaba na hifadhi za nyaraka, akipata toleo hili na kukosa lile, na mjukuu wa mtu aliyeliandikia gazeti hilo hana hata ukurasa mmoja.

Ufundi wa chapa haukuwa mgeni kwetu. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na matbaa yake, na vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi vilivyopigwa chapa humo, kikiwamo Qamus al-Sharia, vimefika Oman na vingali vikisomwa. Vilikuwa vitabu, vikawekwa rafuni kama vitabu. Mfano wa Mombasa unaonyesha zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932. Mwaka 1944 makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Ukiuliza leo katika familia za pwani, wengi wamekishika Uwongozi na wachache mno wameiona Sahifa yenyewe. Maneno ni ya mtu mmoja. Kilichobadilika ni vazi lake, na vazi ndilo lililoyavusha.

Tukilisifu Al-Arabi kiasi hiki, hatuna budi kusema pia linapotukera. Lilikuwa jarida la serikali, na miji yake karibu yote inatabasamu. Barabara ni mpya, shule ni nyeupe, na aliyenyimwa kitu haonekani. Baya zaidi kwa mwanahistoria ni maelezo yaliyo chini ya picha. Mara nyingi husema mvuvi, mfinyanzi, binti wa kijijini, basi. Jina hakuna. Yule binti aliyepamba ukurasa mzima leo ni bibi wa watu mahali fulani, na wajukuu zake huenda wanayo picha hiyo kabatini wasijue kuwa ni yeye. Uzuri umeihifadhi sura na kumpoteza mwenyewe. Mpiga picha alikuwa na bahati kidogo zaidi: jina la Oscar Mitri linakumbukwa.

Jarida la AramcoWorld lina sifa na ila zinazokaribiana na hizo. Lilianza New York Novemba 1949 kama karatasi ya habari za wafanyakazi wa kampuni ya mafuta, likaja kuwa jarida la watu wote lililotumwa bure. Picha zake ni za hali ya juu na kwa kawaida mpiga picha hutajwa. Lakini halijafichi kuwa ni la kampuni, na mambo ambayo kampuni haipendi kuyagusa hutayakuta humo. Tunalisoma kwa furaha na tunalisoma kwa macho mawili.

Majarida mapya ya watu wetu wa mijini tunayaonea shaka ya aina nyingine. Brownbook, lililoanzishwa Dubai mwaka 2007 na ndugu pacha Rashid na Ahmed Bin Shabib, lina karatasi nzito na kurasa tulivu, na linaziheshimu nyumba za zamani. Lakini ni la Kiingereza, na aliyezaliwa katika nyumba hizo za zamani huenda asiweze kulisoma. Mlango wa nakshi unageuka pambo la sebule ya mtu mwingine. Upande wa pili lipo Nizwa, linalotoka Oman tangu 1994, ambalo mhariri wake wa kwanza ni mshairi Saif al-Rahbi. Ni nene, maneno ni mengi, picha si nyingi, na bado linawekwa, kwa sababu kila toleo lina uzito wa kitabu. Kwa hiyo tusidhani kuwa uzuri ni rangi tu.

Wapo wasomaji wanaotuambia kwamba fedha za kuchapa kurasa za rangi katika jarida hili zingefaa zaidi kusomea na kutafsiri waraka za zamani. Hoja ina nguvu, na waraka zisizosomwa ni nyingi. Jibu letu ni kwamba waraka uliotafsiriwa vizuri na kuchapwa vibaya utakwenda ulikokwenda Al-Falaq. Tunapendelea kurasa chache zilizopangwa sawasawa: khati halisi ya waraka ionekane kwa ukubwa wa kusomeka, tafsiri ikae ubavuni mwake, na kila picha ya familia iwe na majina kutoka kulia kwenda kushoto, pamoja na mwaka na mtaa. Nafasi ikiwa haitoshi, tutapunguza maneno yetu sisi kabla ya kupunguza majina ya watu waliomo pichani.