Jinsi NMC ilivyoyakosa mahindi ya jirani

Kutoka Morogoro mjini hadi Dar es Salaam hazifiki kilomita 200. Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na katika miaka ya 1970 barabara ya Rukwa ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Hata hivyo, kuanzia msimu wa 1974/75, serikali ilitaka mkulima wa Kilosa, mkoani Morogoro, na mwenzake wa Sumbawanga walipwe bei ile ile kwa kilo ya mahindi. Mnunuzi alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, na anguko lake linaanzia kwenye hesabu hiyo.

NMC iliundwa mwaka 1968, baada ya vinu vikubwa kutaifishwa mwaka uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kusaga. Mwaka 1973 ikatwishwa pia majukumu ya Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, na tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, ikalazimika kununua nafaka moja kwa moja kwenye maelfu ya vijiji. Wasagaji wakawa wanunuzi, wasafirishaji na watunza maghala wa nchi nzima.

Bei moja ilikuwa na nia njema: mkulima wa pembezoni asiadhibiwe kwa kuzaliwa mbali na soko. Tatizo lilikuwa kwamba gharama ya safari haikufutika, ilihamia tu kwenye vitabu vya shirika. Mkulima wa Morogoro alikuwa na mteja mwingine, yaani mlanguzi aliyefika usiku na fedha taslimu na kumpa bei nzuri zaidi, kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa hapo jirani. Kule Rukwa na Ruvuma walanguzi hawakufika kwa wingi, na bei ya serikali ilivutia. Matokeo yake, mahindi yaliyokuwa rahisi kusafirisha yakaikwepa NMC, ikabaki na yale ya mbali. Wakati huohuo bei ya sembe mjini ilishikiliwa chini kwa ruzuku iliyodumu hadi mwaka 1984. Pengo lilizibwa kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, na kila msimu likapanuka.

Sasa mtazame karani wa kituo cha ununuzi. Bei ilipangwa na serikali. Orodha ya mazao nayo ilitoka juu, ikiwa pamoja na mtama na muhogo, mazao yaliyohimizwa kwa ajili ya ukame lakini yaliyokosa wateja. Fedha zilitoka benki, mara nyingi zikichelewa. Lori lilitegemea vipuri na mafuta yasiyopatikana, na wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, magari mengi yalichukuliwa kwa kazi ya jeshi. Kilichobaki mikononi mwake ni mizani na kitabu cha stakabadhi. Alipima gunia, akaandika, akamwambia mkulima asubiri malipo. Wakulima waliita hali hiyo kukopwa, na aliyekopwa msimu huu alijua pa kuyaficha mahindi msimu ujao.

Wizi na uzembe vilikuwepo, na vilistahili kulaaniwa. Lakini hata kituo chenye karani mwaminifu kupindukia kingepata hasara. Hakuna mtu kazini aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba gunia hili halitulipi, tusilinunue.

Serikali ilijibu ulanguzi kwa vizuizi barabarani, na mwaka 1983 kwa msako wa wahujumu uchumi. Mahindi ya magendo yaliendelea kupita.

Ukipanda milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, hadi Mgeta unakuta biashara ya namna nyingine. Kabichi, karoti na njegere za Nyandira hupangiwa bei kwa kutazama soko la mjini, na gharama ya kuzibeba kichwani kutoka mashamba ya mteremkoni hadi kwenye lori imo katika hesabu tangu mwanzo. Mkulima wa huko hakosi malalamiko: lumbesa, lile gunia linalorundikwa hadi kuota nundu, humnyonya waziwazi. Ila mchuuzi anayekosea bei huumia yeye mwenyewe siku ileile, kwa hiyo hujifunza haraka. NMC ilikosea kwa miaka na bili ikalipwa na benki.

Mwaka 1984 Rais Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Vyama vilikuwa vinarudishwa. Mwaka 1987 masharti ya kusafirisha nafaka yakaondolewa, na mwaka 1991 akiba ya chakula ya taifa ikatolewa mikononi mwa NMC. Sehemu ya vinu na maghala yake iko leo chini ya Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 ili ifanye biashara. Kila msimu wa mavuno bodi hiyo hukabiliwa na shinikizo lilelile la kununua kwa bei ya kumfurahisha mkulima na kuuza kwa bei ya kumfurahisha mlaji. Ikitakiwa kufanya hivyo, tofauti iandikwe kwenye bajeti ya serikali, mbele ya Bunge, badala ya kufichwa kwenye deni la bodi.