Sifa za Fundi Asiyekimbilia Kupiga Windows

Kompyuta ikianza kuzima yenyewe, mafundi wengi wana dawa moja: kupiga Windows upya. Diski inafutwa, mteja analipa, anaondoka. Mara nyingi ugonjwa hurudi, maana mfumo mpya ukishaonja intaneti hujishushia draiva ileile iliyoleta balaa. Mimi namsifu fundi mwingine, yule ambaye kabla hajashika bisibisi huuliza: "Kabla haijaanza kusumbua, uliongeza nini?"

Draiva ni programu inayokisemea kifaa mbele ya mfumo wa uendeshaji, na nyingi hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo. Programu ya kuandikia barua ikikosea hufa peke yake. Draiva ya kiini ikikosea huangusha mashine nzima.

Ugomvi wa vifaa ndani ya kompyuta ni wa zamani. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 tu za vifaa kuiita prosesa. Modeli ya AT ya 1984 ikazifikisha 15 zinazotumika. Printa ilizoea njia namba 7, na kadi za sauti nazo zikaitaka hiyohiyo, au namba 5. Fundi alifungua kasha, akahamisha jampa kwenye kadi, akawasha, akasikiliza. Windows 95 ilipoanza kugawa njia hizo yenyewe, ugomvi haukwisha. Ulihamia kwenye programu, mahali pasipoonekana kwa macho.

Na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Windows ikianguka na kioo cha bluu kikitokea, wakati mwingine huandika jina la faili, na mwenye pupa hulifuta faili hilo papo hapo. Fundi mzuri hulitilia shaka. Draiva moja inaweza kuharibu kumbukumbu inayotumiwa na nyingine, ikanyamaza. Ya pili ikija kusoma uharibifu ule, ndiyo inayoanguka na ndiyo inayotajwa. Jina lililoandikwa huenda ni la aliyeumizwa. Kwa hiyo fundi huwasha mashine katika hali salama, yenye draiva chache za lazima, aone kama itatulia. Ikitulia, huzirudisha nyingine moja moja, na baada ya kila moja huizima mashine na kuiwasha tena. Hagusi mambo mawili kwa mpigo, hata mteja akihema mlangoni.

Kwenye Linux pia, kadi ya picha ya NVIDIA huwa na draiva mbili zinazoigombea: Nouveau, iliyo huria, na ile ya kampuni yenyewe. Moja lazima izuiwe isipakiwe. Ni mstari mmoja au miwili tu ya maandishi. Kujua kwamba ndiyo inayohitajika ndiko kunakochukua mchana kutwa.

Basi ukikutana na fundi anayetaka malipo ya kutafuta chanzo, mlipe, hata kama mwishoni utaona amebadilisha mstari mmoja.