Solo na Sauti vya Mtu Mmoja: Mbaraka Mwinshehe Alivyojenga Nyimbo Zake

Anayetaka kujua Mbaraka Mwinshehe alijengaje nyimbo zake asianze na maneno. Aanze na gitaa la solo, asikilize linanyamaza wapi. Mbaraka anapoimba mstari, solo hushuka, likabaki linadonoadonoa chini ya ridhimu. Mstari ukiisha, kabla waitikiaji hawajapokea, solo hupanda na kusema neno lake. Pengo lenyewe ni fupi, lakini halimponyoki. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na mwimbaji hapa na mpiga solo pale, na wawili hao walilazimika kutazamana, wapeane ishara kwa jicho. Mbaraka hakuwa na wa kumtazama. Pumzi iliyokatika kooni ndiyo iliyoviamuru vidole.

Alizaliwa Mzenga, Kisarawe, tarehe 27 Juni 1944, lakini mji uliompa jina ni Morogoro. Mwaka 1965 aliingia Morogoro Jazz, bendi kongwe iliyokuwa na umri sawa na wake. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani, na safari ikazaa wimbo. Mwaka 1973 akatoka, akaunda Orchestra Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na miaka 34. Hesabu ya kazi yake yote, tangu Morogoro Jazz hadi siku ile, haifiki miaka 14.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya kumsikiliza kwa sikio la jirani. Morogoro na Tabora ziko kwenye mstari mmoja: njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Wajerumani walipojenga reli ya kati hawakwenda mbali na njia hiyo. Treni ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Palipokuwa na kituo kikubwa cha wapagazi pakawa na kituo kikubwa cha reli, na palipokuwa na stesheni kubwa, miaka ya hamsini na sitini, pakawa na bendi. Muziki ulikuja kutoka pande zote mbili za reli: rumba ya Kongo ikivuka ziwa na kushukia Kigoma, santuri za Kyuba zikipanda kutoka pwani.

Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, ambaye mandolini yake huwezi kuichanganya na gitaa lolote, ikawa na Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz, wenye mtindo wa Segere Matata. Hata Dar es Salaam, Western Jazz yenye mtindo wa Saboso, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilikuwa kazi ya watu wa huku magharibi waliofuata ajira mjini. Ukiziweka bendi hizi kando ya Super Volcano, tofauti ya ujenzi inajitokeza yenyewe.

Kwenye msafara wa zamani kirangozi alitangulia na mzigo mwepesi, maana kazi yake ilikuwa kuijua njia na kuuanzisha wimbo. Waliomfuata ndio waliobeba frasila mbili mbili za pembe au nguo, wakiitikia. Bendi za Tabora zilijengwa hivyo. Wimbo ulikuwa na mtunzi wake, lakini solo lilikuwa la mwingine, kiitikio cha watu watatu, na anayeimba huenda asiwe aliyetunga. “Dada Asha” ya Tabora Jazz inajulikana kuwa ni tungo ya Shem Karenga, lakini ukiisikiliza unasikia nyumba nzima ikifanya kazi. Mbaraka alikuwa kirangozi aliyebeba na mzigo: mtunzi, mwimbaji, mpiga solo, na mwenye bendi.

Hakuwa wa kwanza Morogoro kujitwika hivyo. Kabla yake alikuwepo Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, kijana aliyewahi kutoroka kwao akitaka kwenda Kyuba na safari ikaishia Mombasa. Alirudi, na baadaye bendi yake ya Cuban Marimba ikawa Kyuba yake. Naye alikufa kwa ajali ya gari, Novemba 1965, mwaka uleule Mbaraka alioingia Morogoro Jazz. Mji mmoja, watunzi wawili wakubwa, wote kwa ajali, na hakuna kati yao aliyefika arobaini. Kuna wanaopenda kulisimulia jambo hili kama nuksi. Mimi naona barabara. Santuri zilimlipa mwanamuziki kidogo mno. Aliishi kwa kiingilio cha ukumbi, na ukumbi wa wiki hii ukiwa Iringa, wa wiki ijayo uko Tanga.

Lakini kiufundi wawili hawa hawafanani. Salum alijenga kwa kipimo cha Kyuba: rumba au chacha, wimbo umekatwa vizuri katika beti, sauti juu, vyombo chini yake, kila kitu na nafasi yake. Maneno yake yana mizani. Unaweza kuyaandika karatasini yakasimama kama shairi. Mbaraka aliuvunja mpangilio huo. Mistari yake haina urefu mmoja. Mmoja mfupi, unaofuata mrefu kupita kiasi, hadi unadhani atachelewa kuumaliza. Huongea kama mtu anayeandika barua kwa ndugu: anasalimu, anaeleza tatizo, anauliza, anarudia swali. Mwimbaji mwingine angeanguka hapo, kwa sababu mistari isiyolingana huivuruga bendi. Yeye aliweza kwa sababu solo lilikuwa mikononi mwake. Mstari ukiwa mfupi, gitaa lilijaza kilichobaki. Ukiwa mrefu, gitaa lilinyamaza kabisa. Ridhimu na besi zilikwenda mwendo wao bila kujua kama kuna lililopungua.

Sikiliza “Shida”. Kwa hadithi, wimbo wenyewe si mgumu: mtu analalamikia maisha, na msikilizaji anamwelewa tangu dakika ya kwanza. Ugumu uko kwenye uvumilivu. Wimbo haukimbilii kuchangamka. Sauti inakokota lalamiko, gitaa linaitikia bila papara, na kila jibu la gitaa limebadilika kidogo kuliko lililopita. Mwimbaji mwenye lalamiko refu namna hiyo humchosha msikilizaji. Hapa uchovu hauji, kwa sababu sikio linafuata mazungumzo ya wawili, ingawa mzungumzaji ni mmoja.

Chombo chenyewe kilichangia. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache kila upande, na wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko hapo. Ndiyo maana nyingi zimeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mtunzi alipaswa kujua mapema sindano itainuliwa wapi. Upande wa kwanza ukabeba habari; upande wa pili ukabeba uchombezaji, magitaa yanapishana, saksafoni inaingia, maneno yanapungua hadi kuwa majina na vibwagizo. Wapo waliokata wimbo popote, ukageuza santuri ukakuta umeanzia katikati ya neno. Mbaraka alipenda kuukata pale ambapo lalamiko limekwisha kusemwa na mwili umeanza kutaka kucheza. Mwenye santuri akaigeuza kwa hamu.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na desturi nyingine. Bendi iliingia studio ikapiga wimbo wote kwa pamoja, mbele ya vipaza sauti vichache, kwa ajili ya kurushwa hewani tu. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Redioni hakukuwa na kurudi baadaye kupachika sauti juu ya gitaa. Kwa bendi yenye mwimbaji na mpiga solo tofauti, hilo lilidai mazoezi marefu. Kwa Mbaraka lilikuwa faida: mazungumzo ya sauti na solo yalikuwa tayari yamekubaliana kabla mtambo haujawashwa. Na redio hiyo ndiyo iliyomfikisha Tabora kila siku. Wengi walioshika nyimbo zake huku hawakuwahi kumwona jukwaani.

Niseme na upungufu wake, kwa sababu sifa za marehemu huwa zinamezana. Ujenzi huu uliwafanya wenzake wawe watu wa kuitikia. Ukitafuta ndani ya Super Volcano sauti ya pili yenye nguvu ya kubishana naye, huipati kwa urahisi. Mitindo ilibadilika jina, Likembe, Sululu, Masika, hadi Masika Zole Zole ya Super Volcano, lakini anayeushika usukani ni yuleyule. Wimbo wake wa maombolezo ya Dokta Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971, unaonyesha uzuri na hatari yake kwa pamoja: msiba wa taifa umewekwa kwenye koo moja na gitaa moja.

Matokeo yalionekana alipofariki. Cuban Marimba ilikuwa imempoteza Salum, ikaendelea chini ya Juma Kilaza, kwa sababu nyimbo za Salum ziligawanyika: mwimbaji mwingine angeweza kuingia kwenye mizani ileile, vyombo vikabaki mahali pake. Tabora Jazz nayo iliondokewa na watu na kupokea wengine, na Segere Matata ikabaki Segere Matata. Super Volcano haikudumu. Kampuni ya santuri ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa Ukumbusho, na mpaka leo njia kubwa ya kumsikia Mbaraka ni kumsikia yeye mwenyewe.

Maana wanaozipiga nyimbo zake kumbini siku hizi, na wako wazuri, huzigawa upya: huyu aimbe, yule apige solo. Noti ni zilezile. Lakini mpiga solo asiyeimba hasubiri pumzi ikatike. Anahesabu mapigo, na akishafika kwenye hesabu yake anaingia. Kwenye mistari mifupi hilo halionekani. Ukifika ule mstari mrefu, gitaa linamkanyaga mwimbaji, naye inambidi aharakishe maneno ambayo Mbaraka aliyakokota makusudi.