Mizani Nane Juu ya Meza ya Mtumba

Nyimbo za jandoni, za harusi na za kazi zimeandikiwa kurasa nyingi za uhakiki. Mnada wa mtumba mara nyingi huachwa uwe kelele za sokoni. Mimi karibu kila ninachovaa nimekinunua Karume, pale Mchikichini jijini Dar es Salaam, mwendo wa mguu tu kutoka Kariakoo, na napenda soko lile kwa mashati yake na kwa sauti zake pia. Naamini dalali wa mtumba anatunga. Utungo wake una umbo, na umbo hilo linastahili kusomwa kwa makini kama tunavyousoma utenzi.

Tuanze na mshororo wenyewe. Dalali amepanda juu ya meza, miguu imezama kwenye lundo la mashati, anapiga makofi: “Buku jero, buku jero!” Buku ni shilingi elfu moja, jero ni mia tano. Hesabu silabi, zipo nane. Bei ikishuka atasema “buku buku, buku buku”, nane. Ikishuka tena, “jero jero, jero jero”, nane. Alipoanza huko juu kwenye “buku tatu, buku tatu” zilikuwa nane vilevile, na hata asiyependa lugha ya vijiweni akasema “mia tano, mia tano” bado yumo ndani ya nane. Hicho ni kipande kimoja cha mshororo wa shairi letu la kawaida, lenye mizani nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao. Makofi nayo hayapigwi ovyo. Kila neno hapa lina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza, kwa hiyo kofi linaangukia hapohapo: BU-ku, JE-ro, BU-ku, JE-ro. Makofi manne kwa pumzi moja.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwake vina na mizani havikuwa jambo la hiari. Kwa kipimo chake dalali amefaulu mizani na ameshindwa vina. Ila tusiharakishe kumfelisha. Kina kazi yake ni kulipa sikio ahadi, lisikie tena lilichokwisha kukisikia. Dalali anarudia neno zima, kwa hiyo sikio limeshalipwa na ziada, na kina juu ya hapo kingekuwa mzigo.

Penye utajiri zaidi ni kwenye kibwagizo. Katika shairi, kibwagizo hakibadiliki, beti ndizo zinazokizunguka. Mnadani bei ndiyo kibwagizo, na tukio lote ni kubadilika kwake. Ubeti mmoja ni ngazi moja ya bei, na urefu wake haumo mikononi mwa mtunzi. Unaamuliwa na hadhira, tena kwa mikono. Mikono ikichambua kwa kasi, ubeti unarefuka. Ikilegea, dalali anatupa jicho moja juu ya meza na kushusha. Walimu wa fasihi simulizi wanatufundisha habari za fanani na hadhira inayoshiriki, kisha wanatoa mfano wa hadithi na wasikilizaji wanaoitikia. Hapa hadhira haiitikii neno, na bado ndiyo inayokata beti.

Tazama sasa mpangilio wa ngazi zenyewe. Buku tatu, buku mbili, buku jero: maneno mawili tofauti katika kila kipande. Kisha buku buku, kisha jero jero: neno moja tu, limerudiwa. Ngazi ya buku jero ndiyo kiungo cha utungo wote, kwa sababu imebeba ndani yake ngazi mbili zinazofuata, kwanza buku, halafu jero. Inapovunjika, kila nusu inageuka kuwa ubeti wake. Mtunzi aliyekaa mezani na kalamu angejivunia mpango kama huo.

Lakini wimbo hauanzi robota linapofunguliwa. Asubuhi zile nguo kali haziimbiwi. Dalali anainua moja moja na kusema kwa sauti ya chini, kwa nathari. Nimesimama mbele ya shati la kitani akilisoma hivyo: kaligeuza nje ndani, kapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni uliokunjwa mara mbili ili uzi usifumuke, kashuka mpaka kwenye lebo, akaonyesha kifungo cha akiba kilichoshonwa hapo na ambacho mwenye shati wa kwanza hakuwahi kukihitaji. Hakupiga kofi hata moja. Shati lile lilikuwa na maneno yake, yeye alilisemea tu. Mchana, nguo zikishakuwa lundo, hakuna tena inayojisemea, ndipo sauti inapolazimika kubeba kila kitu. Kadiri nguo inavyoshuka bei ndivyo lugha inavyopanda kuwa wimbo. Na mabaki ya mwisho, yale yanayokwenda gereji kufutia oili, yanauzwa tena kwa maneno matupu. Nathari, ushairi, nathari.

Nadhani umbo hili, katika uwazi wake, si la zamani sana. Kabla ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, uingizaji wa mitumba ulikuwa umezuiwa, na mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi. Mali ya magendo hunong’onezwa, haipigiwi makofi juu ya meza. Baadaye, mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba sokoni, kabla ya shinikizo la Marekani kupitia mpango wake wa biashara wa AGOA kuwarudisha nyuma wengi wao, mabishano yalikuwa ya viwanda, ajira na ushuru. Ni hoja nzito, na anayekumbuka Urafiki, kiwanda cha nguo cha mwaka 1968, hawezi kuzibeza. Mimi nadai tu kwamba mezani palikuwa na sanaa pia.

Kinachonisikitisha ni vipaza sauti vya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, kule Kariakoo. Sauti imerekodiwa mara moja, inazunguka kutwa nzima. Mizani imo, marudio yamo, ila mashine haina jicho. Haioni mikono ikilegea, kwa hiyo ubeti wake haukatiki, na kibwagizo kisichobadilika kimeua tukio lenyewe. Ndiyo maana anayetaka kuukusanya utanzu huu asirekodi sauti peke yake. Aandike pembeni bei ilishuka saa ngapi, lundo lilikuwa limebaki kimo gani, wachambuaji walikuwa wangapi mezani. Bila hayo atarudi nyumbani na mishororo ya mizani nane, na hatajua ni nini kilichoivunja buku jero.