Sauti Nzito Isiyohakikiwa: Besi katika Dansi na katika Roki ya Miaka ya 1990

Uhakiki wa nyimbo katika idara zetu za Kiswahili umezoea kuanza na kuishia kwenye maneno. Mhakiki huandika matini, huainisha dhamira, hutaja takriri na sitiari, kisha hutoa hukumu. Ala hupewa sentensi moja, kana kwamba ni pambo tu. Makala haya yanadai kuwa mazoea hayo yana kasoro, na yanatumia gitaa la besi kuwa kielelezo.

Tuanze na msikilizaji. Kasenga ni mtaa wa mji wa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa Bujumbura. Huko Kiswahili huwaunganisha Wavira, Wafuliru, Wabembe na wengineo, lakini rumba ya Kongo huwafikia zaidi kwa Kilingala. Mtu aweza kuucheza wimbo barabara bila ya kufahamu kila neno lake. Iwapo maana ya wimbo imo katika maneno peke yake, basi mchezaji huyo hakuambulia kitu. Hata hivyo, anajua ni wapi ubeti unageuka, wapi mwimbaji atatua, na lini mwendo utabadilika. Aghalabu ni besi inayomjulisha hayo.

Rumba hiyo, pamoja na dansi ya Tanzania iliyokua karibu nayo, hugawa kazi baina ya magitaa: solo, ridhimu na besi, na mara nyingi gitaa jingine la kati. Nyuzi nne za besi huwekwa oktavo moja chini ya zile nne nene za gitaa la kawaida. Lakini uzito si sifa yake pekee. Mpiga besi wa dansi hagongi kila pigo; hutoa sauti mbili tatu, hunyamaza, kisha hurejea mahali asipotazamiwa. Kimya hicho ni sehemu ya fani. Katika bendi ya Mlimani Park, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978, kazi hiyo ilifanywa na Suleiman Mwanyiro, aliyepewa jina la “Computer”. Wapenzi wa Sikinde walimjua kwa jina hilo. Wahakiki wa nyimbo za bendi hiyo ni nadra kumtaja.

Yafaa kulinganisha na roki iliyoitwa mbadala, iliyovuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko besi ilisifiwa kwa kutoka nyuma na kuja mbele. Katika “Lounge Act” ya Nirvana, iliyomo katika albamu ya *Nevermind* (1991), Krist Novoselic ndiye anayefungua wimbo. Katika “Cannonball” ya The Breeders (1993), besi ya Josephine Wiggs inasikika kabla ya magitaa mengine kuingia. Mark Sandman wa kundi la Morphine alikwenda mbali zaidi: alipiga besi ya nyuzi mbili, akisindikizwa hasa na saksafoni na ngoma, hata gitaa la kawaida likawa halihitajiki sana.

Mafanikio hayo hayana ubishi, lakini kipimo chake hakifai kuhamishwa kama kilivyo. Anayeamini kwamba besi huwa muhimu pale tu inapotangulia au kutawala ataisikiliza dansi na kudhani kuwa besi imefichwa. Katika dansi, besi haikuhitaji kuja mbele, kwa sababu ilikuwa tayari miongoni mwa wanaozungumza. Thamani yake imo katika kujibizana na solo, ngoma na mwimbaji.

Tuchukue “Mambo kwa Soksi” wa Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki mwaka 2010. Wimbo huo wa kinga dhidi ya UKIMWI ulikataliwa na Radio Tanzania kwa sababu ya maneno yake. Wahakiki wanaoutetea nao hutetea maneno hayo hayo. Pande zote mbili zimehukumu matini, na zimeacha swali la kifasihi: ni kwa nini onyo kali namna ile liliweza kuchezwa ukumbini bila ya kugeuka hotuba? Jibu haliwezi kupatikana bila ya kuisikiliza bendi.

Huenda ikasemwa kwamba mwanafunzi wa Kiswahili si mwanamuziki. Ni kweli, wala hatakiwi kuandika nota. Anatakiwa kueleza mambo manne: besi inaingia wapi, inanyamaza wapi, inajibizana na nani, na inabadilika vipi wimbo unapoingia katika chemko. Haya yahitaji masikio na subira tu. Aidha, atafute jina la mpigaji, kwani lebo za santuri zetu mara nyingi zilitaja mtunzi na bendi tu. Bila ya hivyo, wimbo utaendelea kufundishwa kama shairi lililopotewa na sauti yake, na waliompa mwimbaji mahali pa kukanyaga watasahauliwa.