Mikono Aliyoifundisha Yasmeen Lari

Jiko la udongo lililopakwa chokaa, lenye dohani ya kutolea moshi, lililoinuliwa juu ya jukwaa ili mpishi asichuchumae vumbini, ni kazi ya usanifu majengo inayostahili kutajwa pamoja na majengo makubwa ya Karachi. Anayeona kwamba nimetia chumvi akumbuke kuwa aliyelibuni ndiye aliyesanifu baadhi ya majengo hayo. Yasmeen Lari alizaliwa mwaka 1941, akasomea fani yake Oxford, na mwaka 1964 akafungua ofisi Karachi, mwanamke wa kwanza nchini Pakistan kuifanya kazi hiyo. Alijenga hoteli, kituo cha fedha na biashara, na makao makuu ya kampuni ya mafuta ya taifa, kisha akastaafu mwaka 2000. Mwaka 2023 alipewa Nishani ya Dhahabu ya Kifalme ya wasanifu wa Uingereza, na iliyomletea heshima hiyo ni mianzi, chokaa na udongo zaidi ya vioo na chuma. Naamini ilimstahili, kwa sababu kazi yake inatupa kipimo cha haki cha ufundi: ni kiasi gani cha ujuzi kinabaki mikononi mwa watu fundi akishaondoka.

Maisha yake husimuliwa kama toba: alijenga kwa saruji, akajuta, akarudi kwenye udongo. Mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba anafidia aliyoyatenda zamani. Katika hili sikubaliani naye. Miaka ya 1970, aliposanifu nyumba za watu wa kipato cha chini za Anguri Bagh mjini Lahore, alizungumza na wanawake ambao wangehamia humo, na miongoni mwa waliyoyauliza ni mahali pa kuwaweka kuku wao. Basi nyumba zile za matofali zikapata baraza za juu zilizo wazi, penye nafasi ya kuku na ya watoto. Swali lililokuja kuzaa jiko la udongo lilikuwa limeshaulizwa Lahore: mwenye nyumba anaishi vipi, naye anajua nini ambacho msanifu hakijui? Kilichobadilika baadaye ni vifaa, na ujasiri wa kumkabidhi mwenye nyumba kazi yenyewe.

Tetemeko la Oktoba 2005 liliua zaidi ya watu 70,000 kaskazini mwa Pakistan. Lari alikwenda bonde la Siran, wilayani Mansehra, akawasaidia wanavijiji kujenga upya kwa mawe na mbao za vifusi vyao wenyewe. Mafuriko ya mwaka 2010 yalipousomba mkoa wa Sindh, aligeukia mianzi. Nyumba yake ya pembe nane ina fremu nane zinazofungwa chini kisha kusimamishwa. Mianzi hukatizana mishazari ili ukuta uyumbe bila kuanguka, halafu hukandikwa udongo na chokaa. Muundo huo ulijaribiwa kwenye meza ya kuigiza tetemeko katika Chuo Kikuu cha NED, Karachi. Hesabu zote ngumu zimo humo, ila zimekunjwa mpaka zikawa vipimo anavyoweza kuvishika mtu asiyejua kusoma. Kurahisisha hivyo kunadai maarifa mengi. Hakuwezi asiyejua kwanza jinsi jengo kubwa linavyosimama. Nayo chokaa imechaguliwa kwa akili: huchomwa kwa joto dogo kuliko saruji, na ikikauka ukutani huifyonza tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanurini.

Wapo watakaosema kwamba udongo ni alama ya ufukara, na kwamba kumsifia maskini nyumba ya udongo ni kumnyima saruji kwa maneno matamu. Hoja hii ina uzito, maana hakuna aliyewahi kuuchagua ufukara. Lakini msomaji wa Lamu au Unguja anajua kwamba kuta za mawe za matajiri wa pwani zilishikanishwa kwa chokaa, na kwamba ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji hufungiwa unyevu ndani, ukaanza kumomonyoka. Thamani ya kifaa hutegemea anayekijua. Udongo uliokandikwa ovyo ni balaa. Ulioinuliwa juu ya msingi, ukafunikwa kwa paa lenye upenu mpana na kukingwa kwa chokaa, ni nyumba. Ni kweli unadai matengenezo ya mara kwa mara, lakini matengenezo hayo yamo ndani ya uwezo wa mwenyewe. Saruji ikipasuka, asiye na fedha hubaki akiutazama ufa.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: serikali zitajificha nyuma ya wanavijiji wanaojijengea. Hatari hiyo ipo, na sifa za Lari zisitumiwe kuifunika. Barabara, shule na kingo za mito si kazi ya mianzi. Ila mafuriko ya mwaka 2022, yaliyowagusa watu wapatao milioni 33, hayakumsubiri mkandarasi. Siku kama hiyo, kijiji chenye watu wanaojua kujenga kina kitu ambacho msaada wa mahema hauwezi kukipa.

Ndiyo maana jiko linanivuta kuliko mnara. Makumi ya maelfu yamejengwa na wanawake waliofundishwa na wenzao, nao wakawafundisha majirani kwa malipo madogo. Kila mmoja huliremba la kwake kwa maua na michoro aipendayo. Mapambo hayo hayamo kwenye ramani ya Lari. Aliacha ukuta mtupu, kama alivyowaachia baraza wenye kuku wa Lahore, akijua kwamba mwenyewe atakuja kuumalizia.